Tanga Linapokwama Ndani ya Mlingoti

Asubuhi moja ya mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma kwa utulivu na maji yakiwa yamejaa, tulitoka Shela, kisiwani Lamu, kuelekea Kilifi katika yoti ya futi 42 ambayo nimekuwa nikiitunza kwa miaka kadhaa sasa. Tuliuvuka mlango wa bahari kwa mashine, tukayaacha nyuma mawimbi yanayovunjika chini ya matuta ya mchanga, kisha mwenye chombo akabonyeza kitufe cha kufungulia tanga kubwa nami nikaivuta kamba yake kwa winchi. Tanga lilitoka hadi theluthi mbili, likasita, likatoa mlio kama wa turubai linaloburutwa juu ya matumbawe, kisha likasimama. Tulipojaribu kulirudisha, halikurudi. Mbele yetu kulikuwa na maili za bahari zipatazo 100, pamoja na ghuba yote ya Ungwana ambayo haina pa kujificha, na kaskazi ina tabia ya kuongezeka mchana.

Aliyekulia kwenye mashua na majahazi, kama nilivyokulia mimi, huenda asielewe mara moja kwa nini jambo hili linatisha. Katika vyombo vyetu tanga hufungwa kwenye foromali, ule mti wa juu wa tanga, na foromali huning'inia kwa henza, kamba ya kutwekea. Upepo ukizidi, au kamba ikileta matata, nahodha huamuru kutua tanga, na hata kama litaanguka vibaya, angalau litakuwa limeanguka. Tanga la ndani ya mlingoti halina njia hiyo. Lilitwekwa mara moja, siku lilipofungwa, na tangu hapo huviringishwa juu ya mhimili mwembamba wa alumini unaozunguka ndani ya mlingoti wenyewe, likiingia na kutoka kupitia ufa mrefu ulio upande wa nyuma. Haliwezi kuteremshwa mpaka lote liwe nje. Kwa hiyo likikwama katikati, unabaki na tanga ambalo huwezi kuliongeza, kulipunguza wala kulitua.

Nimewahi kuulizwa na wazee wa Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi kisiwani Lamu, ni nani aliyewaza kulificha tanga ndani ya mti. Mmoja wa watu walioueneza mtindo huu ni Ted Hood, fundi matanga wa Marblehead huko Massachusetts, ambaye mwaka 1974 alikuwa nahodha wa yoti ya Courageous iliposhinda mashindano ya America's Cup. Mji wake umepakana na Salem, bandari ambayo wafanyabiashara wake waliileta Unguja na pwani yetu ile nguo ya pamba ya karne ya 19 tuliyoiita marekani, na ambayo mabaharia hawakuchelewa kuishonea matanga. Basi nguo na mashaka yake vyote vimetoka ufuo mmoja, nami huwa nawaambia wazee hivyo, wakacheka.

Nirudi kwenye mkwamo. Baada ya kuyatunza matanga ya aina hii kwa muda, nimefikia kuamini kwamba mara nyingi tanga halikwami siku linapofunguliwa. Hukwama siku lilipoviringishwa, na siku ya kulifungua huwa ni siku ya kupewa habari tu. Tanga letu la Januari lilikuwa limeharibiwa mwezi wa Oktoba. Tulikuwa tumeingia Lamu na kusi ya mwishomwisho ikitusukuma kutoka nyuma, jua likiwa linazama, kila mmoja akitaka tutie nanga kabla ya adhana ya magharibi. Tuliliviringisha tanga tukiwa bado tunakimbia na upepo, bumu, yaani mti wa kulala ulio chini ya tanga, likiwa limefunguka mbali upande mmoja, na mimi nikaiachia kamba ya kutolea tanga ikimbie bila kuizuia kwa sababu niliona inaingia haraka na vizuri. Kwa nje hapakuwa na kasoro yoyote. Ufa ulilimeza tanga na mlingoti ukabaki safi. Kwa ndani tulikuwa tumetengeneza msokoto legevu wenye mikunjo, tukauacha ukae hivyo kwa miezi mitatu.

Nafasi iliyomo ndani ya mlingoti ni finyu. Imepimwa itoshe tanga lililoviringishwa kwa kubana, safu juu ya safu, bila hewa katikati. Anayejua kuviringa mkeka atanielewa: ukitaka ukae vizuri, mmoja huviringa na mwingine hushika ncha ya pili akiivuta kidogo kila wakati, na asipokuwepo huyo wa pili, mkeka huvimba na kutoa pembe. Tanga nalo ni hivyo hivyo. Msokoto uliolegea hutanuka hadi kugusa kuta za mlingoti, na pale penye mkunjo unene huwa mara mbili au tatu ya kawaida. Ukianza kuvuta, mkunjo huburutwa hadi kwenye mdomo wa ufa, ukatangulia kwa upande wake mnene, na hapo huziba kama kabari. Kila unapoongeza nguvu, kabari inazidi kuingia.

Ndiyo maana jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kwamba kamba ya kutolea isiachwe huru hata kidogo wakati tanga linaingia. Huachiwa kwa kuizuia, zamu moja ya kamba ikibaki kwenye winchi, ili tanga liingie likiwa limenyooka. Kinyume chake pia ni kweli wakati wa kutoa: kamba au mota inayozungusha mhimili isiutangulie mkono wa anayevuta, kwa sababu mhimili ukizunguka haraka kuliko tanga linavyovutwa, msokoto hufunguka ndani kwa ndani na kujaza mlingoti. Hilo nalo lilitukuta asubuhi ile ya Januari. Kidole cha mwenye chombo kilikuwa kizito juu ya kitufe na mikono yangu ilikuwa mizito kwenye winchi, kwa hiyo siwezi kuitupia Oktoba lawama yote.

Jambo la pili ni pembe ya bumu, na hapa ndipo watu wengi, hata wenye uzoefu, hukosea bila kujua. Tanga huviringwa juu ya mhimili uliosimama wima, na kona yake ya nyuma huvutwa na kamba inayopita kwenye bumu. Kwa hiyo bumu likipanda au kushuka, mvuto nao hubadilika. Bumu likiwa chini mno, ukingo wa nyuma wa tanga hukazika na ukingo wa chini hulegea, na mikunjo hujitokeza sehemu ya chini. Likiwa juu mno, ukingo wa nyuma hupwaya na mikunjo huwa sehemu ya juu, mahali ambapo huwezi kuifikia kwa mkono. Kinachotakiwa ni bumu kuinuliwa kidogo tu kupita usawa wa pembe mraba, kiasi cha nyuzi mbili tatu, ili ukingo wa chini wa tanga upande polepole kadiri unavyoviringwa na safu zake zisirundikane mahali pamoja. Kipimo kamili hutofautiana baina ya chombo na chombo, na hupatikana kwa kujaribu siku ya utulivu, nanga ikiwa chini, ukitazama msokoto unavyoingia. Ukikipata, kitie alama.

Upande wa upepo nao una maana. Tanga halitoki katikati ya msokoto bali hutoka ubavuni mwake, kulia au kushoto, kutegemea mhimili unazunguka vipi. Chungulia ndani ya ufa tanga likiwa limetoka kidogo, uone nguo inapita upande upi wa mhimili, kisha ulilaze bumu kidogo kwa upande unaoiwezesha nguo iteleze moja kwa moja badala ya kujipinda juu ya ukingo wa ufa. Ukilifanya kwa upande usio wake haina maana kwamba litakwama kila mara, lakini msuguano huongezeka, na ukingo wa ufa hula nguo. Upepo wenyewe uwe unaingia mbele ya ubavu, tanga likiwa limepunguziwa mzigo kwa kulegeza demani, ile kamba ya kulizuia tanga, bila kupigapiga sana. Ukikimbia na upepo nyuma tanga hubanwa dhidi ya mlingoti na ufa, na hapo kila kitu ni kizito. Katika safari za kaskazi, ambapo sisi tunaoteremka kwenda Malindi na Kilifi tuna upepo mgongoni karibu muda wote, ni lazima ukubali kugeuza chombo kuuelekea upepo kila unapotaka kupunguza tanga, na ukubali mapema, bahari ikiwa bado inaruhusu. Nahodha wa jahazi husema tanga hupunguzwa mara unapoanza kujiuliza kama lipunguzwe. Kwa tanga hili ningesema hata kabla ya hapo.

Henza nayo isisahauliwe kwa sababu tu haiguswi kila siku. Ikilegea, ukingo wa mbele hujaa vikunjo vya kulala; ikikazwa kupita kiasi, hutokea mkunjo mmoja mrefu wa wima kando ya mhimili, na huo wa wima ndio mbaya zaidi kwa kuwa huviringwa wote kwa pamoja. Mlingoti wenyewe unatakiwa uwe umenyooka: ikiwa waya wa nyuma umekazwa kwa ajili ya kwenda bisho, yaani kuukabili upepo, ulegezwe kwanza kabla ya kuviringisha, maana mhimili ulionyooka hauwezi kuzunguka kwa raha ndani ya mlingoti uliopinda.

Sasa nieleze tulivyolikwamua. Mwenye chombo alitaka kubonyeza kitufe tena, kwa kudhani mota ilikuwa imechoka. Nilimwomba kwa adabu aondoe kidole. Mota ya umeme haina hisia. Itavuta mpaka ichane nguo, ivunje meno ya gia au iunguze fyuzi, na katika hayo matatu ni la mwisho tu ndilo unaloweza kulirekebisha baharini kwa urahisi. Winchi kubwa nayo ni hivyo hivyo. Mlingoti huu ulikuwa na tundu la kuingizia mkono wa winchi, nasi tangu dakika ile hatukutumia kitu kingine. Mkono wa binadamu husikia. Unajua kama kinachozuia ni mzigo wa upepo, ambao hulegea na kurudi kwa pumzi, au ni kabari, ambayo haina pumzi.

Tuliwasha mashine, tukauelekeza uso wa chombo kaskazini mashariki kwa mwendo mdogo, demani ikalegezwa. Nikasimama chini ya mlingoti na kutazama ufa kwa darubini kuanzia chini kwenda juu. Hii ni hatua ambayo watu huiruka kwa haraka waliyonayo, na kila nilipoiruka nimejuta. Mkunjo ulionekana juu kidogo ya nusu ya mlingoti: nguo ilikuwa imejikunja kama midomo miwili iliyobana. Kwa kuwa ulikuwa sehemu ya juu, nilijua bumu lilikuwa juu mno wakati wa kuviringisha, nikaliteremsha kiasi cha shubiri moja ili ukingo wa nyuma ukazike na kuuvuta mkunjo uchanuke.

Kisha tukaanza kazi ya subira. Unazungusha mhimili kuingiza tanga nusu duara, mwenzio akiizuia kamba ya kutolea, ili msokoto uliovimba ubane upya. Kisha unageuza, mwenzio anavuta, na unaona kama mkunjo umesogea. Safari ya kwanza haukusogea. Tulilihamisha bumu kutoka kulia kwenda kushoto, ili nguo itoke kwa upande wake wa kawaida, tukarudia. Mara ya nne au ya tano tulipata upana wa kiganja. Usidharau kiganja. Kila ukikipata, usiendelee kuvuta kwa furaha, bali rudisha ndani nusu ya ulichopata, ubane, kisha toa tena. Kosa tulilofanya katikati lilikuwa hilo hasa: tulipopata karibu futi nzima nilivuta kwa pupa, mkunjo mwingine uliokuwa nyuma ya ule wa kwanza ukajiingiza, na tukarudi nyuma dakika kumi. Karibu saa moja ilipotimia, nguo ililia tena kama turubai, kisha ikaachia yote kwa mkupuo mmoja.

Kama mkunjo ungekuwa chini, karibu na mikono, ningeweza kuusaidia kwa kushika nguo pande zote mbili za ufa na kuivuta kwa kupokezana, au kuusukuma kwa kipande cha plastiki bapa chenye ncha butu. Kamwe usitumie bisibisi wala kisu. Nimeona tanga la yoti nyingine lililotobolewa na bisibisi kwa tundu dogo la nusu inchi, na siku ya upepo tundu lile likawa mchano wa kutoka ukingo hadi ukingo. Kumpandisha mtu mlingotini kwa kiti cha kamba ni jambo la bandarini, maji yakiwa kimya, na si la kufanya mlangoni mwa bahari ambapo chombo kinayumba na mlingoti unachora duara angani.

Na lisipokubali kabisa? Ikiwa limekwama likiwa limetoka kidogo, unaweza kusafiri nalo hivyo, kwa tanga la mbele na mashine, hadi utakapopata maji yaliyotulia. Kwa sisi wa Lamu hiyo maana yake ni kurudi ndani na kutia nanga upande wa kisiwa cha Manda. Likiwa limetoka sana na upepo unaongezeka, njia iliyobaki ni kuchukua henza ya ziada, kuifunga kwenye kona ya nyuma ya tanga baada ya kuiachia kutoka kwenye bumu, na kulizungushia tanga kamba hiyo kwa nje ya mlingoti, mara nyingi uwezavyo, kama mtu anavyofunga mzigo wa makuti. Haipendezi, na nguo huumia, lakini tanga lililofungwa mlingotini halipindui chombo. Marehemu baba yangu alikuwa akilifunga tanga la mashua kwenye foromali kwa miyaa myembamba, ili ukivuta demani miyaa ikatike yenyewe na tanga lifunguke. Kazi hii ni kinyume chake: unataka kamba isiyokatika.

Matunzo ya kawaida sitayarefusha. Chumvi na vumbi la mchanga wa Shela hufanya mlingoti uwe kama msasa, kwa hiyo kila baada ya safari ndefu ufa na beringi za juu na chini hutakiwa kuoshwa kwa maji matamu, na Lamu maji matamu si ya kuchezea, lakini ndoo mbili zinatosha ukianzia juu. Grisi ya kawaida isipakwe kwenye ufa, kwa kuwa hunasa mchanga na kuchafua nguo. Chombo kikikaa muda mrefu bila kutumika, angalia nyigu. Mwaka mmoja binamu yangu alipanda kutafuta sababu ya mhimili kugoma kabisa, akakuta nyigu wamejijengea nyumba za udongo ndani ya ufa, safi na ngumu kama zimepigwa plasta. Alishuka haraka kuliko alivyopanda.

Kitu kimoja ambacho matunzo hayawezi kukiponya ni uzee wa nguo. Tanga lililovutika kwa miaka ya jua na upepo huwa na tumbo, na tumbo haliviringiki bila kukunjana, hata ungelipa pembe sahihi na mvuto sahihi. Matanga haya hukatwa bapa kwa makusudi na kwa kawaida hayawekwi fito za kulala, ili yaingie ndani. Yakishapoteza ubapa wake yamepoteza sababu ya kuwa humo. Letu lilikuwa na tumbo kidogo. Tulipofika Kilifi, fundi alilitandaza na kutuonyesha mstari mweusi wa grisi, urefu wa mkono, pale mkunjo ulipokuwa umebanwa kwa miezi mitatu, akalipunguza ukingo wa nyuma na kushona upya kona mbili.

Baada ya kulirudisha mlingotini tulishinda asubuhi nzima tukiwa tumetia nanga, tukiliingiza na kulitoa mara kumi, mwenye chombo akizungusha kwa mkono na mimi nikizuia kamba, mpaka tukakubaliana juu ya pembe ya bumu. Nilitia alama ya rangi kwenye kamba inayoliinua bumu, mahali inapokutana na klipu, lakini rangi ile iliondoka kwa jua kabla ya kusi kuanza. Sasa nimeshona hapo uzi mwekundu, zamu saba, mnene wa kutosha kuusikia kwa vidole hata usiku.